Kifaranga Akifumba Jicho, Usianze na Dawa

Duka lolote la dawa za mifugo, liwe la Mbagala au la Kitale, linalijua ombi hili: "Naomba dawa ya macho ya vifaranga." Muuzaji huuliza vifaranga ni wangapi, anatoa pakiti ya unga kwenye rafu, anaeleza vijiko vingapi kwa lita ngapi, na mteja anaondoka. Hakuna aliyeuliza kama ni jicho moja au yote mawili. Hakuna aliyeuliza vifaranga wana umri gani, wanakula nini, wala banda lao linanuka vipi alfajiri. Wiki ikipita, mfugaji mmoja anaisifia ile pakiti kwa majirani na mwingine, aliyenunua pakiti ileile siku ileile, anafukia vifaranga nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kupingana. Huyu anasema ni mafua, yule ndui, wa tatu anaapa ni upungufu wa vitamini, wa nne analaumu moshi wa jiko. Wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa banda lake. Jicho la kifaranga lina njia chache tu za kulalamika: kutoa machozi, kuvimba, kushika tongotongo, kufumba. Vyanzo vya malalamiko hayo ni vingi, na baadhi yake havisikii dawa yoyote ya dukani.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu yanayotiwa kapu moja. La kwanza ni muwasho. Hapa kuna kitu kinalichoma jicho, kama gesi, moshi, vumbi au chokaa, na hakuna kijidudu chochote kinachohusika. La pili ni maambukizi, ambapo bakteria, virusi au kuvu wameingia mwilini na jicho ni mojawapo ya mahali wanapoonekana. La tatu ni upungufu, yaani chakula hakina kirutubisho kinachoilinda ngozi laini ya jicho. Ugumu ni kwamba mambo haya hufuatana. Jicho lililochomwa na gesi kwa siku kadhaa huchubuka, na bakteria waliokuwa kwenye maranda siku zote hupata pa kuingilia. Mfugaji akiona usaha anatibu bakteria, gesi inaendelea kuchoma, na jicho halifunguki.

Inafaa pia kujua kichwa cha kuku kilivyojengwa ndani. Jicho lake lina kope ya juu, kope ya chini, na kope ya tatu, ngozi nyembamba inayopita juu ya jicho kuanzia kona iliyo upande wa mdomo. Mbele na chini ya jicho kuna uwazi chini ya ngozi ya uso, nao umeungana na pua. Pua nayo inafunguka mdomoni kupitia mwanya ulio kwenye kaakaa. Ni nyumba ya vyumba visivyo na milango: moshi ukianzia jikoni, walio ukumbini watakohoa. Kwa hiyo ugonjwa wa njia ya hewa unaweza kuonekana machoni kabla kifaranga hajaanza kukoroma. Na kile tunachokiita "jicho limevimba" mara nyingi ni ule uwazi wa chini ya jicho uliojaa kamasi au usaha, huku jicho lenyewe likiwa zima ndani.

Maswali ya kujiuliza ukiwa bado bandani

Kabla ya kumshika kifaranga yeyote, simama uwatazame wote. Wameathirika wangapi? Kundi zima likifumba macho kwa pamoja ndani ya siku moja au mbili, shuku hewa ya banda kwanza. Kifaranga mmoja mwenye jicho moja bovu, wenzake wakiwa wachangamfu, huenda amedonolewa, ameingiwa na kipande cha randa, au jeraha lake limeingia bakteria. Wagonjwa wakiongezeka siku hadi siku, watatu leo, wanane kesho, ugonjwa unaambukizwa.

Kisha umri. Kifaranga wa siku moja au mbili aliyekuja na macho mekundu huenda ameyatoa kwenye mashine ya kuangulia, kwa sababu mvuke wa fomalini unaotumika kuua vijidudu huko huchoma macho ukizidi au usipopewa muda wa kutoka. Wa wiki ya pili au ya tatu ameshakaa juu ya maranda yaliyolowa. Wa wiki ya nne na kuendelea, ndui, mafua na upungufu wa vitamini vinaingia kwenye hesabu kwa uzito zaidi, ingawa hakuna umri ulio salama kabisa.

Mwishowe mshike mmoja. Fungua mdomo wake kwenye mwanga. Angalia kuna utando, vidonda au vipele vyeupe. Minya taratibu karibu na matundu ya pua uone kama kamasi inatoka, na inuse. Sikiliza pumzi yake karibu na sikio lako, hasa usiku banda likitulia. Pekua kope uone kama kuna wadudu. Ukaguzi huu ni wa dakika mbili na utakuelekeza vizuri kuliko pakiti yoyote.

Hewa ya banda

Nitakaa hapa kwa muda, maana ndipo wafugaji wadogo wengi wanapoumia bila kujua. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki. Ikipata unyevu na joto, bakteria wa kwenye maranda huivunja na gesi ya amonia hutoka. Sehemu ya kulelea vifaranga ina vyote viwili kwa wingi. Joto linatakiwa liwe nyuzi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza, na maji humwagika kila mara vifaranga wakikanyaga kinyweo. Mfugaji akiogopa baridi ya usiku anashusha mapazia yote na kuziba kila tundu kwa viroba. Asubuhi vifaranga wamejikunyata, wamefumba macho, wanasugua vichwa kwenye mabawa yao, na macho yanatoka machozi mepesi yasiyo na usaha. Gesi ikiendelea, konea, ile ngozi angavu inayofunika mboni, hubadilika kuwa ya kijivu kama imepakwa ukungu.

Wataalamu wanashauri amonia isizidi sehemu 25 katika kila sehemu milioni za hewa. Ikifika 50 na kudumu hapo, macho huanza kuharibika. Mfugaji wa vifaranga mia hana kipimo cha gesi, ana pua, na pua ina kasoro moja kubwa: huzoea. Anayeingia bandani mara kumi kwa siku hufika mahali asinuse kitu. Jipime asubuhi unapoingia mara ya kwanza, kabla hujapandisha pazia. Chuchumaa mpaka uso wako ulingane na vifaranga, maana gesi inatoka chini wanapolala wao, na wewe ukisimama unavuta hewa nyingine. Ukisikia macho yako yanawasha hapo chini, yao yameungua usiku kucha.

Maranda nayo yapime kwa mkono. Chukua konzi moja, kamua, fungua kiganja. Yakibaki donge, yana maji mengi mno. Yakimwagika yote kama vumbi, yamekauka kupita kiasi na vumbi lake nalo litawasha macho. Yanayotakiwa hushikana kidogo, kisha huachana.

Dawa ya jicho lililochomwa na amonia ni koleo na hewa. Ondoa sehemu zote zilizolowa, hasa kuzunguka vinyweo, mwaga maranda makavu, inua vinyweo vilingane na mgongo wa kifaranga, na fungua sehemu ya juu ya pazia ili gesi itoke bila upepo kuwapiga vifaranga. Watu wengi huchanganya baridi na hewa safi, wakadhani huwezi kuwa na kimoja bila kingine. Banda linaweza kuwa na joto la kutosha na bado likapumua, mradi matundu yawe juu ya usawa wa vifaranga. Walioumia kidogo huanza kufungua macho ndani ya siku chache. Konea iliyochubuka sana huchukua wiki kadhaa, na mengine hayarudi.

Chokaa na majivu vinahitaji onyo la peke yake. Wapo wanaonyunyiza chokaa juu ya maranda yaliyolowa ili kuua harufu, na vifaranga wakiwa humohumo. Chokaa na majivu ni vya asili ya magadi, na magadi huisukuma amonia itoke kwa wingi zaidi. Juu ya hapo, vumbi la chokaa lenyewe huunguza macho na miguu. Chokaa ina kazi yake: hupakwa kwenye sakafu na kuta za banda tupu, ikaachwa ikauke kabisa kabla ya kuleta vifaranga.

Jiko la mkaa nalo liwashwe nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo liingizwe. Hata hapo banda liwe na pa kupumulia, kwa kuwa makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua vifaranga na kuua watu. Usilale kwenye chumba chenye jiko hilo. Kuhusu matandiko, randa pana ni bora kuliko vumbi la msumeno, ambalo hurushwa na miguu ya vifaranga na kuingia machoni, na wadogo hulila wakidhani ni chakula.

Mahindi meupe na jicho lililogandamana

Chanzo cha pili ninachotaka tukielewe vizuri ni upungufu wa vitamini A. Sisi tunapenda mahindi meupe. Ugali wetu ni mweupe, pumba zetu zinatoka kwenye mahindi hayo, na mfugaji anayechanganya chakula chake nyumbani huanza na pumba hizo. Mahindi ya njano yana karotini, rangi ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe yana kidogo mno, karibu na hakuna. Mchanganyiko wa pumba za mahindi meupe, mashudu ya alizeti na dagaa unaweza kumshibisha kifaranga, ukamnenepesha wiki za mwanzo, na ukamwacha bila kinga ya macho.

Vitamini A ndiyo inayozifanya ngozi laini za jicho, pua na koo ziendelee kuwa na majimaji. Ikikosekana, ngozi hizo hukauka na kuwa ngumu, machozi hayatiririki vizuri, na uchafu unakusanyika chini ya kope kama kipande cha jibini jeupe. Kope zinagandamana. Ukimfungua mdomo utaona vipele vidogo vyeupe kwenye koo, na hiyo ni alama nzuri ya kuutofautisha na mafua. Kifaranga anakuwa mnyonge, manyoya yamesimama, anayumba akitembea. Wakati wa kuonekana kwake unategemea mama. Tetea aliyelishwa vizuri huweka akiba ndani ya kiini cha yai, na kifaranga wake anaweza kukaa wiki sita au saba kabla dalili hazijatokea. Tetea aliyekuwa na upungufu anaangua vifaranga wasio na akiba, na hao huanza kuumwa mapema zaidi.

Hapa antibayotiki, zile dawa za kuua bakteria, haina la kufanya. Anayehitajika ni mchicha, matembele, majani ya kunde, karoti iliyokunwa, mahindi ya njano pale yanapopatikana, na premiksi ya vitamini iliyo ndani ya muda wake ikichanganywa kwenye chakula. Kwa waliougua tayari, vitamini za kuyeyusha kwenye maji hufanya kazi upesi, na kifaranga ambaye jicho lake halijaharibika kwa ndani huchangamka ndani ya siku chache. Fuata kipimo cha pakiti. Vitamini A hujilimbikiza mwilini, na ikizidi nayo hudhuru. Chakula cha kiwandani pia si kinga ya milele: gunia lililokaa miezi kwenye ghala la joto limepoteza sehemu ya vitamini zake, hata kama lebo bado inang'aa.

Nimeona watu wakicheka wakiambiwa wawape vifaranga mchicha, kana kwamba ni ushauri wa kizamani. Kuku wa kienyeji anayezurura na vifaranga wake hudonoa majani kutwa nzima. Tulipomfungia bandani tulichukua jukumu la kumletea yale majani.

Maambukizi yenyewe

Povu jepesi kwenye kona ya jicho, kama mapovu madogo ya sabuni, pamoja na kukoroma, kupiga chafya na kudumaa, huelekeza kwenye maikoplasma. Huyu ni bakteria anayepita kutoka kwa tetea mgonjwa kuingia kwenye yai, hivyo kifaranga anaweza kuanguliwa akiwa naye tayari. Hutembea polepole ndani ya kundi, na baridi, amonia au safari ndefu kwenye boksi humwamsha. Dawa zipo, kama tailosini na oksitetrasaiklini, nazo hupunguza makali, lakini kuku aliyepona hubaki na vijidudu mwilini.

Uso uliovimba ghafla, jicho likizama ndani ya uvimbe, kamasi yenye harufu mbaya inayokutana na pua yako kabla hujamshika kuku, hayo ni mafua makali ya kuku. Bakteria wake huonyesha dalili ndani ya siku moja hadi tatu tangu kuambukizwa, ndiyo maana kundi zima linaweza kuvimba nyuso ndani ya wiki. Kuku wakubwa huathirika zaidi, na vifaranga mara nyingi huyapata kwa kufugwa pamoja nao. Dawa za jamii ya salfa na nyingine chache huyatuliza. Anayechanganya kuku wa umri tofauti kwenye banda moja atakuwa akiyatibu kila msimu.

Ndui ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Huletwa na virusi, na mbu ndio wanaoisambaza kwa kasi, kwa hiyo hupanda wakati wa mvua. Vipele hutokea sehemu zisizo na manyoya, yaani kilemba, pembe za mdomo na kope, kisha hugeuka vigaga vya kahawia au vyeusi. Kope zikijaa vigaga jicho hufumba, na kifaranga hufa kwa njaa na kiu akiwa hatua mbili kutoka kwenye chakula. Ipo pia ndui ya ndani, inayotandaza utando wa manjano mdomoni na kooni, nayo ni hatari zaidi kwa sababu huziba hewa. Hakuna dawa inayoua virusi vya ndui. Ugonjwa huchukua wiki tatu au nne kupita kwa kifaranga mmoja mmoja. Kazi yako ni kumweka hai mpaka upite: lainisha vigaga kwa maji ya chumvi au mafuta ya mgando, mpeleke kwenye maji na chakula, na zuia bakteria wasiingie kwenye vidonda. Usivibandue vigaga kwa kucha. Vinavuja damu, vinaacha kovu kwenye kope, na kila kimoja kimebeba virusi vinavyoweza kukaa hai kwa miezi vikiwa vimekauka.

Chanjo ya ndui hudungwa kwenye utando wa bawa kwa sindano ya meno mawili, kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya nane, au mapema zaidi penye mbu wengi kwa ushauri wa afisa mifugo. Siku 7 hadi 10 baadaye kagua: pakiwa na uvimbe mdogo au kigaga pale ulipodunga, chanjo imeshika. Ugonjwa ukiingia bandani, walio wazima bado wanaweza kuchanjwa, na mara nyingi hilo huokoa sehemu ya kundi ambayo ingefuata.

Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, huweza kuanza kwa macho mekundu na kope zilizovimba. Ukiona na kinyesi cha kijani, shingo kupinda, miguu kupooza au vifo vingi kwa ghafla, acha habari za macho na umpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Osha mikono na usijishike usoni, kwa kuwa virusi vya kideri huweza kumpa binadamu macho mekundu kwa siku kadhaa.

Wengine niwataje upesi. Maranda yaliyoota ukungu huleta kuvu wa mapafuni ambaye pia huweka kibonge cha manjano chini ya kope ya tatu. Kifaranga huhema mdomo wazi bila kukoroma, na tiba yake kwa mfugaji wa kawaida haipo, kwa hiyo maranda yaliyolowa na mvua yasiingie bandani kabisa. Viroboto wale wanaong'ang'ania, wadogo na weusi, hujipanga kuzunguka macho ya kuku wa kienyeji na hawaruki ukiwagusa. Wapake mafuta ya mgando wakose hewa, watoe kwa kibano baada ya muda, kisha safisha vumbi na mchanga wanakolala kuku, kwa kuwa mayai ya viroboto huanguka huko. Kuna hata mnyoo mwembamba anayeishi chini ya kope ya tatu katika nchi za joto na unyevu, naye huletwa na kuku kula mende. Kifaranga wa kuzurura anayekuna jicho moja bila kuchoka anastahili kukaguliwa kwa tochi.

Cha kufanya leo

Chanzo chochote kile, jicho lililofumba linaweza kusaidiwa nyumbani. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kiwe bapa bila kilele, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Chovya pamba safi, iweke juu ya jicho mpaka tongotongo lilainike lenyewe, kisha futa kwa upole. Pamba iliyogusa jicho moja isiguse jingine, wala kifaranga mwingine. Kipande kigumu chini ya kope kisukume kwa pamba iliyolowa, usikichokoe kwa kucha wala njiti. Kisha paka uzi mwembamba wa marhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, ileile inayouzwa kwa ajili ya watu, mara mbili au tatu kwa siku kwa siku tano hivi. Soma boksi kwa makini: marhamu iliyochanganywa na deksamethasoni, haidrokotisoni au betamethasoni usiitie, kwa sababu konea iliyochubuka inaweza kutoboka kwa dawa hizo.

Muhimu kuliko marhamu ni maji. Kifaranga asiyeona hatafuti kinyweo. Mchovye mdomo kwenye maji mara kadhaa kwa siku, mpe chakula kilicholowekwa kidogo kwenye sahani isiyo na kina, na mtenge mahali penye joto. Akiwa peke yake kwenye boksi baridi atakufa na jicho lililosafishwa vizuri.

Ninaposikia watu wakitia mafuta ya taa kwenye jicho la kifaranga ili "kuua wadudu", naumia. Mafuta ya taa yanaiunguza konea. Pilipili kwenye maji inapendwa sana kwa mafua, lakini haiui bakteria wa mafua wala virusi vya ndui. Maziwa, ya mama au ya ng'ombe, huacha sukari na mafuta kwenye kope na kuvutia nzi. Shubiri na muarobaini vina heshima yake kwetu, ila kifaranga mgonjwa tayari anakunywa kidogo, na maji machungu yanaweza kumpunguzia zaidi. Na tetekuwanga ya watoto haitoki kwa kuku wenye ndui, ni virusi tofauti kabisa. Hofu nyingine ni kwamba chanjo ya tone la jicho inapofusha. Chanjo hai za kideri kama La Sota zinaweza kuleta machozi kidogo au chafya kwa siku chache, kisha huisha. Anayeacha chanjo kwa kuyaogopa machozi hayo anabaki na ugonjwa unaoweza kumaliza banda.

Kuhusu antibayotiki kwenye maji, nina maneno machache na ninayasema kwa uzito. Baadhi ya pakiti zinazoitwa "vitamini" sokoni zina oksitetrasaiklini ndani yake. Soma maandishi madogo. Kumpa kifaranga mzima dawa hiyo tangu siku ya kwanza "kwa ajili ya kinga" hakumkingi na ndui, kideri, amonia wala upungufu wa vitamini, na kunawafundisha bakteria kuizoea dawa ambayo mtoto wako anaweza kuihitaji kesho. Kama inahitajika kweli, maliza siku zote zilizoandikwa, changanya upya kila siku, usiiweke pamoja na virutubisho vyenye kalsiamu kwa sababu kalsiamu huifunga tetrasaiklini isifanye kazi, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Tiamulini, antibayotiki nyingine, nayo isitolewe kwa vifaranga wanaokula chakula chenye monensini au salinomisini, dawa za kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu) zinazowekwa viwandani: zikikutana huua.

Ukiona hakuna nafuu ndani ya siku mbili au tatu, au vifo vimeanza, usibadilishe pakiti kwa kubahatisha. Wapeleke vifaranga wawili au watatu, wagonjwa, au waliokufa punde na kuwekwa kwenye mfuko uliofungwa wenye barafu, kwa daktari wa mifugo au maabara. Tanzania kuna maabara za TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, Temeke na kwenye kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Kenya kuna maabara kuu ya mifugo Kabete. Waandikie umri, idadi ya wagonjwa, chakula, chanjo walizopata na dawa ulizokwisha kutoa, maana antibayotiki uliyompa jana inaweza kuwaficha bakteria wanaotafutwa leo.

Kifaranga atakayebaki na jicho moja anaweza kukua na kufika sokoni kama kuku mwingine yeyote, akipewa nafasi ya kula bila kusukumwa. Aliyewahi kuwa na povu la maikoplasma au uso uliovimba kwa mafua alelewe kwa nyama au mayai ya kula. Mayai yake yasiingie kwenye mashine ya kuangulia, na asiuzwe kwa jirani anayetafuta mbegu.